Sura ya Saba: Farumi ya Koili

Fungua boneti ya Datsun 1200 ya miaka ya sabini. Kando ya koili utaona kijiwe cheupe cha kauri, kirefu kama kidole cha kati, kimebanwa kwa skrubu moja. Kina waya kila upande. Ukikigeuza, mgongoni mna mfereji, na ndani ya mfereji umelala uzi mwembamba wa chuma uliosokotwa kama springi ya kalamu. Gari likiwa limetembea nusu saa, usikiguse. Kitakuunguza.

Mafundi wengi wa leo hukiita "ile rezista", na wanachokijua juu yake ni kimoja tu, kwamba kinapunguza moto. Basi mwenye gari akija kulalamika kwamba injini inamisi, kitu cha kwanza kung'olewa ni hicho. Waya wa upande huu unaungwa na wa upande ule, panazungushwa selotepu nyeusi, na kijiwe kinatupwa ndani ya kopo la skrubu kuukuu. Gari linawaka kwa nguvu, tena kwa nguvu kweli. Mwenye gari analipa, anashukuru, anaondoka. Wiki mbili tatu baadaye anarudi akivutwa kwa kamba.

Nami nimewahi kuvutwa kwa kamba hiyo. Nitasimulia, lakini kwanza tuelewane juu ya kijiwe chenyewe.

Waliokitengeneza walikipa jina la baharini. Ni lilelile wanaloita uzito unaowekwa tumboni mwa chombo ili kisilale upepo ukikipiga. Sisi wa pwani tunalo neno letu la kitu hicho: farumi. Jahazi likirudi bila shehena hutiwa mawe au mchanga. Farumi hailipi nauli wala haina mnunuzi bandarini, lakini nahodha anayeitupa baharini kusi ikianza kuvuma atakuwa na safari fupi. Katika sura hii nitakiita kijiwe chetu farumi, maana sijapata jina linalokifaa zaidi.

Sasa koili. Ndani ya lile kopo mna moyo wa chuma uliozungushiwa nyaya mbili za shaba. Mmoja ni mnene na mizunguko yake ni mia chache. Wa pili ni mwembamba kama unywele, na mizunguko yake ni maelfu kwa maelfu, karibu mia kwa kila mmoja wa ule mnene. Makopo ya zamani hujazwa mafuta ili kupoza na kuzuia umeme usiruke. Kontakti za distributa zikifungana, mkondo wa betri hupita kwenye waya mnene na sumaku hujijenga. Kontakti zikiachana, mkondo hukatika ghafla, sumaku huporomoka, na kule kwenye waya mwembamba huzuka volti elfu 15, elfu 20, wakati mwingine zaidi. Hizo ndizo zinazoruka kwenye plagi. Mpango huu umehusishwa na Charles Kettering wa Dayton, Marekani, mtu yuleyule ambaye stata yake ya umeme ilifungwa kwenye Cadillac za mwaka 1912. Kwa miaka sitini na kitu baada ya hapo magari mengi ya petroli duniani yaliwashwa hivyo, kuanzia Volkswagen ya mwalimu hadi Land Rover ya mkuu wa wilaya.

Kasoro yake ni kwamba moto wa plagi unategemea mkondo uliofanikiwa kuingia koili kabla kontakti hazijaachana. Tena hautegemei kwa uwiano wa moja kwa moja. Nguvu iliyohifadhiwa kwenye sumaku hufuata mraba wa mkondo. Mkondo ukipungua nusu, nguvu inabaki robo. Shikilia hapo, maana ugomvi wote kati ya koili na farumi umezaliwa na mraba huo.

Chukua koili ya kawaida isiyohitaji farumi, kama zile za Land Rover za Series au koili ya buluu ya Bosch iliyozoeleka kwenye Volkswagen za kobe. Ukinzani wa waya wake mnene ni kama omu 3. Injini ikiunguruma, alteneta inatoa volti 14 hivi. Gawa 14 kwa 3, unapata ampea 4.7. Kontakti zinaumudu mkondo huo na plagi zinachoma vizuri. Sasa fikiria alfajiri ya Njombe mwezi wa Julai, betri imechoka na mafuta ya injini yamekuwa mazito kama uji. Unapiga stata. Stata ni mlafi kuliko vyote garini, na wakati inakula, volti za betri huanguka hadi 9. Gawa 9 kwa 3. Koili sasa inapata ampea 3 tu, na nguvu ya cheche, kwa ule mraba wetu, imeshuka hadi asilimia 40 na ushei. Yaani saa ambayo injini inahitaji moto mkali kuliko wakati wowote ndiyo saa ambayo koili imekonda.

Waliobuni farumi walilizunguka tatizo kwa ujanja ninaousifu hadi leo. Walichukua koili yenye omu 1.5, nusu ya ile ya kwanza, kisha wakaweka kijiwe cha omu 1.5 njiani. Injini ikiunguruma, omu 1.5 na 1.5 ni 3, mkondo ni uleule wa ampea 4.7, na hakuna anayeumia. Lakini wakavuta waya mwingine kutoka kwenye stata, unaoruka kijiwe na kwenda moja kwa moja koili. Ukipiga stata, farumi inatupwa kando kwa sekunde chache. Volti 9 kwa omu 1.5 ni ampea 6. Cheche inakuwa kali kuliko hata ile ya safarini. Ukiuachia ufunguo, farumi inarudi kazini.

Faida ya pili haisemwi sana, nayo ni ya muda. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 6,000 kwa dakika inadai cheche 200 kila sekunde. Kila cheche ina milisekunde 5, na kontakti zimefungana kwa kama 3 kati ya hizo. Mkondo hauingii koili mara moja. Sumaku inayojijenga huusukuma nyuma, na koili yenye mizunguko mingi husukuma zaidi. Ni kama kujaza mtungi wenye mdomo mwembamba, hata bomba likiwa na nguvu maji yanachelewa. Koili ya farumi ina mizunguko michache kwenye waya mnene, mdomo wake ni mpana, hujaa mapema. Ndiyo maana gari lenye mpangilio huu halikati pumzi upesi likifukuzwa. Na uzi wa baadhi ya farumi umechaguliwa ili ukinzani wake upande ukipata joto. Injini ikiwa sailensa, kontakti hufungana muda mrefu, uzi unapata moto na kuubana mkondo. Gari likikimbia, uzi unapoa na kuulegeza. Kijiwe hicho cha kopo la skrubu kumbe kilikuwa kinafikiri.

Sasa nirudi kwenye kamba.

Nilikuwa na Datsun pikapu, nikachoshwa na kontakti. Zilikuwa zinakwisha, zinapandisha uvimbe upande mmoja na shimo upande wa pili, na kila mwezi nilikuwa nazipiga msasa. Nikaagiza moduli ya kielektroniki kutoka nje, kijidude cheusi kinachokaa mahali pa kontakti, chenye nyaya mbili, mwekundu na mweusi. Karatasi yake ilisema waya mwekundu upate volti 12 kamili. Nikasoma mara moja, nikajiona nimeelewa. Volti 12 kamili! Basi ile rezista ya nini? Nikaing'oa, nikaunga nyaya, nikapiga stata. Gari liliitika kabla sijamaliza kuzungusha ufunguo. Kwa siku nne nilimwambia kila niliyekutana naye.

Siku ya tano Simba walicheza na Yanga. Redio ya nyumbani ilikuwa na betri mbovu, nikaenda kukaa ndani ya gari, nikageuza ufunguo hadi mahali pa kuendeshea ili redio iwake, nikainua sauti. Injini imezimwa. Kipindi cha kwanza kilipomalizika nikaanza kunusa kitu kama nywele zilizoungua zikichanganyika na mafuta ya taa. Nilifungua boneti nikakuta koili inatokwa jasho, mafuta meusi yakitiririka kutoka shingoni mwake. Matokeo ya mechi sikuyasikia.

Tulilivuta gari hadi kwa fundi mmoja mzee pale Ngamiani, Tanga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeiua?"

"Imekufa yenyewe, mzee."

Aliifungua koili, akainusa, akaitikisa karibu na sikio. "Hii haikufa," akasema. "Hii imepikwa. Ile nyeupe iko wapi?"

"Niliitoa. Karatasi ilisema."

"Ilisema uitoe?"

Nikaitoa karatasi mfukoni na kuisoma tena mbele yake. Haikusema hivyo. Ilisema waya mwekundu wa moduli upate volti 12 kamili. Koili haikutajwa kabisa katika sentensi ile. Nilitakiwa kuuchukua umeme wa moduli kabla ya kijiwe, upande wa swichi, na kukiacha kijiwe kiendelee kuilinda koili. Kosa hili la kusoma ndilo chanzo cha koili nyingi zilizoungua tangu watu waanze kufunga moduli kwenye magari ya kale, na kila mmoja wetu anadhani ni yeye peke yake.

Hesabu ya maafa yangu ni fupi. Injini imezimwa, moduli imebaki imefunga njia, betri ina volti 12.5, koili ina omu 1.5. Mkondo ni ampea 8.3, joto ni wati 104. Ni sawa na kufungia balbu ya wati 100 ndani ya kopo la mafuta na kuiacha iwake dakika 45. Kijiwe kingekuwepo, omu zingekuwa kama 3, mkondo ampea 4 na ushei, na joto ndani ya koili lingekuwa wati 26, robo tu. Bado ningekuwa mjinga, lakini mjinga mwenye gari zima. Gari la kontakti lina hatari hiyohiyo, ila lina bahati nasibu: injini ikisimama kontakti zikiwa zimeachana, hakuna kinachopita. Ukitaka kusikiliza mpira, tumia ile hatua ya ufunguo inayowasha redio bila kuwasha koili.

Sikuwa wa kwanza kusumbuliwa na kijiwe. Kampuni ya Chrysler ya Marekani ilitangulia wenzake wa huko kuweka moto wa kielektroniki kwenye magari yake yote, mwaka wa modeli 1973. Kontakti ziliondoka, farumi ikabaki, tena ikawa pacha: kauri moja yenye nyuzi mbili, omu 0.5 kwa ajili ya koili na omu 5 kwa ajili ya kisanduku cha moduli. Kisanduku kilikuwa imara, koili ilikuwa imara, na kilichoaibisha ni kijiwe cha bei ndogo kuliko vyote. Uzi ukikatika, gari lilifanya kituko ambacho ukikiona mara moja hukisahau. Unazungusha ufunguo, injini inawaka vizuri. Unauachia ufunguo, injini inazima papo hapo. Unazungusha tena, inawaka. Unaachia, inazima. Sababu yake unaijua tayari: wakati wa stata umeme unaruka farumi, na ukiachia unarudi kupita kwenye uzi uliokatika. Wenye Dodge na Plymouth wa enzi zile walijifunza kutembea na kijiwe cha akiba ndani ya kasha la dashibodi, na wanaozitunza hadi leo bado wanafanya hivyo. Datsun, Toyota au MGB yako ikikufanyia mchezo huo njiani, usianze kufungua kabureta.

General Motors walichukua njia nyingine. Mfumo wao wa HEI, ambao kufikia mwaka wa modeli 1975 ulikuwa umeenea kwenye magari yao ya Marekani, haukuwa na farumi kabisa. Koili yake ina ukinzani mdogo sana, chini ya omu moja, na moduli yenyewe ndiyo inayoupima mkondo. Ukifika kama ampea 5 na nusu, transista inaubana hapo hapo. Tena moduli inachelewa kufunga njia wakati injini iko sailensa na kuwahi inapokimbia, ili koili ijae bila kuchemka. Kazi ya uzi ndani ya kauri ilihamia kwenye kipande cha silikoni. Mfumo wa namna hii unataka volti 12 kamili kweli, na ukiufunga kwenye gari lililobakiwa na farumi utaunyonga: unawaka, unatembea, lakini mlimani ukiwa na mzigo unaanza kukohoa.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Koili, farumi na kile kinachokata mkondo, kiwe kontakti au moduli, ni watu watatu wanaobeba jeneza moja. Huwezi kumbadilisha mmoja bila kutazama mabega ya wengine. Swali la "Je, rezista nitoe au nisitoe?" ambalo naulizwa karibu kila wiki halina jibu mpaka uniambie omu za koili na aina ya moduli.

Chukua moduli rahisi, zile zisizopima mkondo. Ignitor ya kwanza ya Pertronix ni mfano unaojulikana. Watengenezaji wanataka ukinzani usiopungua omu 3 kwa injini za silinda 4 na 6, na omu 1.5 kwa silinda 8. Watu hushangaa, mbona injini kubwa inaruhusiwa koili nyepesi? Kwa sababu V8 inadai cheche mara mbili ya silinda nne kwa mzunguko uleule. Koili yake haipati muda wa kushiba na kuchemka. Ya silinda nne inapata. Kwa hiyo kwa Datsun yangu kulikuwa na njia mbili halali: kubaki na koili ya omu 1.5 pamoja na kijiwe chake, jumla omu 3 na kitu, au kununua koili ya omu 3 na kukistaafisha kijiwe. Nilichofanya mimi, koili ya 1.5 bila kijiwe, hakimo katika njia yoyote. Moduli za kizazi kilichofuata, kama Ignitor II ya watu haohao, hujirekebisha zenyewe na huuzwa na koili za omu 0.6. Koili hiyo ukiikabidhi kwa kontakti, hesabu inakuambia ampea zaidi ya 20. Hazitafika zote, kwa kuwa muda hautoshi, lakini zitakazofika zinatosha kuzigeuza kontakti kuwa rangi ya buluu na kuzifunga kama zimechomelewa.

Kosa la upande wa pili ni la kimyakimya na kwa hiyo linaishi muda mrefu. Mtu ananunua koili ya omu 3, anaifunga mahali pa ile ya 1.5, na kijiwe anakiacha. Jumla omu 4.5. Volti 14 zinaleta ampea 3.1, na kwa mraba wetu cheche ina asilimia 44 tu ya ile iliyokusudiwa. Hakuna kinachoungua. Gari linawaka asubuhi na linazurura mjini vizuri tu. Likipakia na kupanda Kitonga au Kilima cha Mazeras, linaanza kumisi. Mwenye gari atabadilisha plagi, atabadilisha nyaya za plagi, atasafisha kabureta, atalaumu petroli. Nimeona gari lililofanyiwa injini nzima kwa sababu ya kijiwe kimoja.

Na wakati mwingine kijiwe hakionekani. Waingereza walipenda kukificha: MGB za bampa za mpira, zilizotoka kuanzia mwishoni mwa 1974, zina waya wenyewe wenye ukinzani, wa rangi ya waridi na mstari mweupe, uliopitishwa ndani ya fungu la nyaya. Wamarekani nao walitumia nyaya za namna hiyo. Ukiangalia kando ya koili huoni kitu, unaamini gari halina farumi, unafunga ya kwako juu ya ile iliyojificha. Sasa zipo mbili.

Niseme pia juu ya Datsun 240Z, kwa heshima ya barabara zetu. Ni gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyekuja kuitwaa Safari mara tano. Tangu 2003 magari ya rika hilo yamerudi vumbini kwa ajili ya mashindano ya East African Safari Classic, na mengi yao sasa yana moto wa kielektroniki. 240Z ina farumi kando ya koili, lakini ina mtego mwingine: mita yake ya mizunguko ya injini husoma mkondo unaopita kwenye waya unaoelekea koili. Ukikata na kuunga bila mpango, injini inaimba vizuri na mshale wa mita unalala sifuri, au unarukaruka kama panzi. Wengi huitupa mita wakidhani imekufa. Mita ni nzima, imenyimwa mkondo tu.

Basi tupime. Huhitaji mashine. Mita ya kawaida ya fundi umeme, ile ya bei rahisi ya manjano, inatosha ukiijua tabia yake. Injini iwe baridi, maana shaba ikipata joto ukinzani wake hupanda: koili ya omu 3 saa mbili asubuhi inaweza kusoma 3.7 ikiwa imechemka hadi nyuzi 80. Weka mita kwenye omu 200. Gusanisha ncha zake mbili. Haitasoma sifuri, itasoma 0.3 au 0.4, huo ni ukinzani wa nyaya za mita yenyewe. Kwa kupima kitu chenye omu nyingi hauna maana. Kwa koili ya omu 1.5 ni robo ya jibu, kwa hiyo utoe kila mara. Sasa chomoa nyaya zote za koili, weka ncha kwenye nguzo mbili ndogo, ya kujumlisha na ya kutoa. Ikisoma 1.9, toa 0.4, koili yako ni 1.5. Kisha kijiwe, vivyo hivyo, nacho kikiwa kimechomolewa.

Usiamini maandishi ya kopo. "12V" haikuambii chochote, kwa kuwa koili zote mbili hufungwa kwenye magari ya volti 12. Nyingine zimeandikwa 6V au 9V, na mwenye duka atakuambia hizo ni za pikipiki. Si za pikipiki, zinasubiri farumi. Nimewahi kununua koili mbili zenye lebo moja, rangi moja na boksi moja, moja ikapima 3.2 na nyingine 1.6. Tangu siku hiyo naingia dukani na mita mfukoni, na muuzaji akinuna namwachia koili yake.

Kilichobaki ni kuitafuta farumi iliyojificha, na hapa hata mafundi wazoefu hujikwaa. Anawasha swichi, anapima volti kwenye nguzo ya kujumlisha ya koili, anasoma 12, anatangaza kwamba gari halina farumi. Lakini kontakti zilikuwa zimeachana. Mkondo usipopita, farumi haizuii chochote, kama mpira wa bustani uliokunjwa: bomba la mwisho likiwa limefungwa, presha ni ileile pande zote mbili za mkunjo. Fungua bomba ndipo utajua. Kwa hiyo rudisha nyaya za koili, chukua kipande cha waya, unganisha nguzo ya kutoa ya koili na bodi la gari, kwa sekunde chache tu, na upime tena ile ya kujumlisha. (Hii ni kwa magari ambayo hasi ya betri imefungwa kwenye bodi. Waingereza wa zamani wenye chanya bodini wana sura yao mbele.) Ukiona 12 au karibu, njia ni nyeupe. Ukiona 6, 7 au 8, farumi ipo mahali fulani, hata kama huioni.

Ukimaliza, usiziache namba zako kichwani. Ziandike kwa rangi nyeupe ndani ya boneti, juu ya koili: omu za koili, omu za kijiwe, na volti zilizobaki koili ikiwa kazini. Fundi atakayefungua boneti hiyo baada yako, pengine usiku, pengine Chalinze, pengine na tochi ya simu mdomoni, atakuombea dua. Kwenye Datsun yangu zimeandikwa 1.5, 1.6 na 6. Kijiwe cha akiba kiko ndani ya kasha la dashibodi, kimefungwa kwenye kipande cha khanga.